Maswali ya Wasomaji: Paneli Mbili za Wati 200, Ipi ya Kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajenga Kimbiji, Kigamboni, na kwa kuwa nguzo za umeme bado hazijafika mtaani kwetu, nimeamua kuanza na umeme wa jua. Katika duka moja la Kariakoo nilionyeshwa paneli mbili, zote zimeandikwa wati 200. Ya kwanza ina urefu wa sentimita 148 na upana wa sentimita 67. Ya pili, ambayo bei yake ni karibu nusu ya ile, ina sentimita 102 kwa 67. Muuzaji ananihakikishia kwamba nguvu yake ni ileile, na kwamba ni ndogo kwa sababu imetengenezwa Ujerumani. Mimi si fundi. Nitautambuaje ubora wa paneli kabla sijatoa fedha? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kupima urefu na upana umekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Jua kali la mchana hutoa takriban wati 1000 kwa kila mita moja ya mraba, na kiwango hicho ndicho viwanda hutumia vinapopima nguvu inayoandikwa kwenye lebo. Paneli za silikoni zinazouzwa madukani siku hizi hugeuza kuwa umeme kati ya asilimia 18 na 23 ya mwanga huo, na zile za zamani kidogo hugeuza karibu asilimia 15. Paneli yako kubwa ina eneo linalokaribia mita moja ya mraba, hivyo wati 200 ni asilimia 20, jambo linalowezekana kabisa. Ile ndogo ina mita za mraba 0.68 tu. Ili itoe wati 200 ingelazimika kugeuza asilimia 29, kiwango ambacho hata seli (vile vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme) za silikoni za maabara hazijakifikia. Kwa ukubwa huo, tegemea wati 100 hadi 140, iwe imetoka Ujerumani au kwingineko. Kwa hakika, taarifa ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba China inashikilia zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua kuu ya utengenezaji wa paneli duniani, kwa hiyo jina la nchi lililobandikwa nyuma lisikutishe wala lisikupumbaze.

Ukirudi dukani, geuza paneli usome lebo. Zidisha volti za kazi, zinazoandikwa Vmp, kwa ampea za kazi, zinazoandikwa Imp. Jibu lazima lilingane na wati zilizotajwa. Paneli ya wati 200 yenye seli zilizopangwa kwa mfumo wa volti 12 huwa na volti za kazi karibu 18 na ampea karibu 11. Walaghai wengi hubadilisha tarakimu ya wati wakasahau ampea, na hapo lebo hujishitaki yenyewe.

Kisha omba paneli itolewe nje, juani, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, na mbingu ikiwa safi. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganywa mchana kweupe, kwa maana muuzaji huweka mita, ikasoma volti 20 na ushei, naye akatangaza kwamba paneli ni nzima. Volti hazithibitishi nguvu. Paneli ndogo na kubwa zenye idadi sawa ya seli hutoa volti zinazokaribiana, na hata wingu likitanda volti hushuka kidogo tu. Kinachofuata eneo la seli na ukali wa mwanga ni ampea. Mwombe fundi unayemwamini aje na mita ya kubana waya inayopima mkondo wa DC, yaani ule unaotoka kwenye paneli na betri (nyingi za bei nafuu hupima AC pekee, yaani umeme wa gridi, na mita ya kawaida yenye kikomo cha ampea 10 haifai kwa paneli ya ukubwa huu). Aifunike paneli kwa kitambaa kizito, aunganishe nyaya zake mbili, abane mita kwenye waya mmoja, kisha afunue na kuielekeza paneli kwenye jua. Ya wati 200 itasoma karibu ampea 11. Ile ndogo, nadhani, itasoma 6 au 7. Aifunike tena kabla ya kutenganisha nyaya, ili zisirushe cheche. Muuzaji anayekataa kipimo cha dakika tano amekwisha kukujibu.

Kwa kuwa unajenga pwani, chunguza zaidi mahali ambapo chumvi na unyevu vinaweza kupenya. Pembe za fremu ya alumini zisiwe na mianya, kiboksi cha nyuma kinachotoa nyaya kiwe kimegandishwa imara na kufungika vizuri, na chini ya kioo pasiwe na mapovu, madoa wala seli zenye nyufa. Uliza kama aina hiyo imepimwa kwa viwango vya kimataifa vya IEC 61215 na IEC 61730, na kwa mtu wa Kimbiji uliza pia IEC 61701, ambacho huhusu ukungu wa chumvi. Nembo zilizochapwa kwenye karatasi hazitoshi. Taka cheti chenye namba ya modeli ileile, na ukiwa na shaka waulize Shirika la Viwango Tanzania. Dhamana ya miaka 25 haina maana iwapo risiti ya EFD haitaji modeli na namba ya paneli.

Usishangae, hata hivyo, paneli halali ikikupa wati 170 juu ya bati. Lebo hupimwa seli zikiwa na nyuzi joto 25, ilhali juu ya mabati ya Dar es Salaam zinaweza kupita 60, na kila nyuzi inayoongezeka hupunguza takriban asilimia 0.3 hadi 0.45 ya nguvu. Acha nafasi ya hewa kati ya bati na paneli.

SWALI: Je, ni kweli kwamba paneli nyeusi ni bora kuliko za bluu? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Nyeusi kwa kawaida ni mono (seli zake hukatwa kutoka fuwele moja ya silikoni), nazo hutoa wati nyingi zaidi kwa eneo lilelile, bluu kwa kawaida ni poli (seli za fuwele nyingi). Poli nzuri ya wati 100 na mono nzuri ya wati 100 zitakupa umeme unaokaribiana, ila poli itachukua nafasi kubwa zaidi juu ya paa. Hata hivyo, viwanda vikubwa karibu vyote vimeacha kutengeneza poli, hivyo ukiuziwa poli kama bidhaa mpya, uliza ilitengenezwa mwaka gani na imekaa wapi tangu wakati huo.