Fluorokaboni na chambo cha kuelea

Umeuliza kama mshipi wa fluorokaboni, aina ya uzi wa plastiki wa kuvulia samaki, unafaa kwa chambo bandia cha kuelea. Hapana, haufai, hata kama aliyekuuzia alisema unafaa kwa kila kitu. Unazama. Uzito wake ni takriban gramu 1.78 kwa kila sentimita ya ujazo, maji ni gramu 1, kwa hiyo huvuta pua ya chambo chini na ule mchezo wa kurukaruka juu ya maji, unaomfanya samaki aitwaye bass avamie, unakufa.

Tumia mshipi wa kusuka. Ni wa polietilini, gramu 0.97 hivi, unaelea wenyewe. Mimi navulia Ziwa Naivasha, Kenya, ambako bass waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na kwenye mafunjo na magugumaji ya pale mshipi wa kusuka mara nyingi hukata mabua badala ya kunasa. Ila unateleza: anza na mizunguko michache ya mshipi wa nailoni kwenye rili (kigurudumu cha kuzungushia mshipi) kabla ya kuufunga, la sivyo samaki akivuta utazunguka wote bure. Tena haunyumbuki, basi usikaze breki ya rili kupita kiasi, utamchana mdomo.

Fluorokaboni yako usiitupe. Iweke kwa mnyoo wa plastiki unaoburutwa chini, hapo kuzama kwake ndiko unakokutaka. Na vipande vilivyokatika rudi navyo nyumbani tafadhali, ndege wa ziwani hunaswa miguu.