Bia ya nyumbani inayoruka hadi darini

Ukifungua chupa ya bia uliyopika mwenyewe na nusu yake ikaishia sakafuni, usianze kutafuta sababu. Fikiria kwanza zile ambazo hazijafunguliwa. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wengi wetu tunatumia vidanji (chupa tupu) vya bia ya Primus vya sentilita 72. Ni chupa imara, lakini zimezunguka kwenye makasha miaka mingi na zina mikwaruzo ambayo macho hayaioni. Waondoe watoto, vaa miwani na nguo ya mikono mirefu, zifunike kwa blanketi zito, kisha zihamishie kwenye baridi bila kuzitikisa. Kwenye baridi gesi huzama ndani ya bia, shinikizo hushuka, na hamira husinzia. Kama friji haina umeme (ndugu zangu wa mtaa wa Kadutu mnanielewa), weka chupa usiku kucha kwenye beseni la maji baridi. Itasaidia kidogo.

Sasa tutafute sababu. Wanaoniletea chupa zao huwa wameshajihukumu: "Nilizidisha sukari," yaani ile inayotiwa wakati wa kujaza chupa ili bia ipate gesi. Mara nyingi sivyo. Mimi nauliza kwanza: zinaruka zote, au baadhi?

Zikiruka zote na ladha ikawa nzuri, ninashuku kwamba bia ilifungwa kabla haijamaliza kuchacha. Mimina bia kidogo huku na huku kati ya vikombe viwili hadi gesi iishe, kisha pima kwa densimetri, kifaa kinachoonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na maji (hamira ikila sukari, namba hushuka). Kama ulifunga ikiwa 1.014 na sasa inasoma 1.010, umempata mchawi: pointi hizo nne peke yake zinatoa gesi inayokaribia yote uliyokusudia kuipata kwa sukari na iliyokuwamo, kwa hiyo chupa imebeba karibu maradufu.

Mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi una baridi yake. Hamira ikipoa inanyamaza, mapovu yanakoma, nawe unaona kazi imekwisha. Halafu chupa zinawekwa karibu na jiko, joto linaiamsha. Kwa hiyo mapovu kukoma si ushahidi wa chochote. Weka kwanza chombo mahali penye joto ili hamira iamke, pima, kisha pima tena baada ya siku tatu. Namba isipobadilika, funga.

Mama zetu wanaotengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, hawana densimetri, lakini hili wanalijua vizuri: mfuniko wa bidoni (dumu) huachwa ukiwa umelegea, na kasiksi hunywewa ingali inachacha. Anayechukua kasiksi ya jana na kuikazia kapsuli (kizibo cha bati) kwenye chupa ya kioo anatafuta balaa, na mimi simsaidii.

Zikiruka baadhi tu, huku nyingine hazina gesi, lakini ladha ni moja, sukari haikuchanganyika. Gramu 6 kwa lita zinatosha bia nyingi, yaani gramu 120 kwa lita 20. Ichemshe kwenye maji kidogo, iache ipoe, iweke chini ya chombo kwanza, kisha teremsha bia juu yake taratibu kwa mpira. Mtindo wa kutia kijiko katika kila chupa siupendi: chupa ya sentilita 72 inataka gramu 4 na kidogo tu, na mkono wa mtu si mzani.

Lakini ikiwa zile zinazoruka zina uchachu usioutarajia, bia imekuwa nyepesi mdomoni, na kuna mstari wa uchafu shingoni mwa chupa, hapo ni vijidudu. Tazama mpira na bomba la kujazia kabla ya kitu kingine. Javeli (dawa ya klorini ya kuua vijidudu) haifui dafu juu ya masalia yaliyokauka: sugua kwanza kwa brashi, ndipo utie javeli iliyozimuliwa, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Bia hiyo haiokoki. Ipoze, ifungue kwa tahadhari, imwage.

Ile yenye ladha nzuri inaokolewa. Ipoze siku nzima, inua ukingo wa kapsuli kidogo hadi isikike pumzi, ubane tena ukingo huo povu likianza kupanda, ngoja, rudia. Ikitulia, weka kapsuli mpya na uirudishe kwenye baridi.

Na kila unapojaza, jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda. Ibonyeze kila asubuhi. Siku ikigoma kubonyea, hamisha chupa zote kwenye baridi siku hiyohiyo.