Kuruka dozi, kipimo cha ziada na bili ya wodi: maswali yenu kuhusu gharama za matibabu

Toleo hili tumechagua barua nne zinazouliza jambo moja kwa namna tofauti: pesa inapopungua, tiba inaharibika wapi? Daktari na mfamasia wa safu hii wamejibu kwa pamoja.

Mama yangu ana miaka 67. Ameandikiwa dawa za presha, amlodipini 5 mg na losatani 50 mg, pamoja na vitamini. Hela ikipungua anameza leo, kesho anaruka, ili vidonge vifike mwisho wa mwezi. Daktari hajui, mama anaona aibu kumwambia. Kuna ubaya? — Msomaji, Morogoro

Upo, ila haulingani kwa kila kidonge. Amlodipini ina subira: nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kutoka mwilini, hivyo siku moja ikirukwa bado kuna akiba. Losatani haina akiba hiyo. Ikishapita siku moja nguvu yake imekwisha, na siku ya kuruka mama anashinda na kinga pungufu. Dawa za kundi la propranololi na atenololi ndizo za kuogopa zaidi, maana zikikatwa ghafla moyo huenda mbio na presha inaweza kuruka juu kuliko mwanzo. Na kwa kuwa presha haiumi, mama atajisikia vizuri siku ya kumeza na siku ya kuruka, mpaka mishipa au figo zijibu.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana nyumbani. Mama anafika kliniki akiwa hajameza tangu juzi, kipimo kinasoma 170/100. Daktari, ambaye hajaambiwa kitu, anaamua dawa hazitoshi na kuongeza ya tatu. Cheti kinarefuka, bili inapanda, mama anaruka siku mbili badala ya moja. Tunaona mzunguko huu unaharibu tiba kuliko bei ya dawa yenyewe.

Kubana matumizi kunawezekana bila kuruka siku. Vitamini ziondoke kwanza, isipokuwa kama kuna upungufu uliopimwa. Kisha soma jina dogo lililo chini ya jina la biashara kwenye boksi: kama ni amlodipini 5 mg, ni amlodipini 5 mg, iwe ya boksi la kung'aa au la kawaida, mradi imesajiliwa na tarehe yake haijapita. Uliza pia bei ya kidonge cha 10 mg chenye mstari katikati. Mara nyingi hakizidi sana cha 5 mg kwa bei, na kikikatwa kwenye mstari kinatoa siku mbili. Lakini kidonge chenye maneno retard, SR au XL kisikatwe kamwe. Hicho kimeundwa kuachia dawa kidogo kidogo, ukikivunja inatoka kwa mkupuo na presha inaporomoka.

Halafu aibu iwekwe pembeni. Mama aseme kiasi: "Dokta, kwa mwezi nina shilingi 12,000 za dawa." Ukimwambia daktari kwamba hali ni ngumu atakuonea huruma tu, ukimpa namba anaweza kupanga nayo. Kama inatosha dawa moja, yeye ndiye achague ipi ibaki. Na kwa umri wake, mama aulizie msamaha wa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo katika vituo vya serikali. Utambuzi huanzia ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji. Wengi wanaustahili na hawajawahi kuuomba.

Mtoto wangu wa miaka 9 alikuwa na homa siku mbili. Zahanati binafsi walimpima malaria, taifodi, mkojo na choo, kwa kadi ya bima. Wakasema ana taifodi. Ni tiba au biashara? — Msomaji, Mwanza

Pengine vyote viwili. Malaria kwa mtoto mwenye homa hapo Mwanza ni lazima apimwe, na kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Mkojo unaweza kuwa na sababu yake. Tatizo ni hiyo taifodi.

Angalia karatasi ya majibu. Ukikuta neno Widal na namba kama 1:80 au 1:160, kilichopimwa ni askari wa mwili, siyo mdudu mwenyewe. Askari hao hubaki baada ya ugonjwa wa zamani, na hata malaria au vimelea vya jamii ya karibu vinaweza kuwaamsha. Ili Widal iwe na maana ingepimwa mara mbili, siku 10 hadi 14 mbali, na namba ipande mara nne. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ionekane kama mdudu ataota, nacho kinataka maabara kamili na siku kadhaa. Mtu anayepewa dawa kali ya bakteria kwa Widal moja ya siku ya pili ya homa huenda anatibiwa ugonjwa asionao, na homa yenyewe haijapatiwa chanzo.

Kwa nini inaandikwa sana? Ni rahisi, ni ya haraka, na hulipiwa. Kituo kikilipwa kwa kila huduma, kila kipimo ni mapato. Kikilipwa kiasi maalumu kwa kila mwanachama, kishawishi kinageuka na mgonjwa anaweza kunyimwa kipimo anachohitaji. Hakuna mfumo wa malipo usio na mtego. Mlipaji akibana bei nako kuna shida yake: Machi 2024, NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania, ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei inazolipia, hospitali nyingi binafsi zilisitisha kuhudumia wanachama wake zikidai bei hazilipi. Tuwe wakweli pia, wapo wazazi wanaoona mtoto aliyerudi nyumbani na parasetamo tu hakutibiwa.

Swali la kuuliza kabla ya kutoa kidole ni hili: "Jibu la kipimo hiki likiwa hapana, matibabu yatabadilika nini?" Kama hayabadiliki, kipimo hicho kinaweza kusubiri.

Dawa ya malaria ya vidonge 24 nilimeza siku mbili nikapona. Vidonge 8 nimewawekea watoto. Nimekosea? — Msomaji, Kilifi

Umekosea mara mbili. Dawa hiyo ya mseto ina viungo viwili. Cha kwanza, artemeta, huua vimelea vingi haraka lakini huisha mwilini ndani ya saa chache, na hicho ndicho kilichokupa nafuu. Cha pili, lumefantrini, hukaa siku kadhaa kikifagia mabaki, na ili kifikie kiwango kinahitaji mikupuo yote 6: vidonge 4 sasa, 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Meza na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo lumefantrini haiingii vizuri kwenye damu. Ukikatisha, homa hurudi baada ya wiki mbili tatu, na utanunua dozi nzima upya.

Hivyo 8 usimpe mtoto. Dozi yake huenda kwa kilo, na homa yake haijapimwa. Homa ikikurudia nenda ukapimwe, usimalizie vilivyobaki.

Dada yangu amejifungua kwa upasuaji Mombasa. Ameruhusiwa, lakini hospitali haimwachi mpaka bili iishe, na kila siku kitanda kinaongezwa. Inaruhusiwa? — Msomaji, Mombasa

Hapana. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua, kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kukiuka haki zake. Deni linabaki kuwa deni, hospitali inaweza kulidai kwa njia nyingine, lakini siyo kwa mwili wake.

Leo hii ombeni bili iliyochambuliwa kipengele kwa kipengele. Hakikisheni sehemu inayolipwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, imekatwa, na mtafute siku za kitanda zilizohesabiwa baada ya tarehe ya kuruhusiwa, kisha mziandikie pingamizi. Nendeni kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, siyo kwa keshia. Huyo ndiye mwenye fomu ya msamaha. Ikishindikana, andikeni makubaliano ya kulipa kwa awamu yenye kiasi na tarehe, yasainiwe pande zote mbili, nanyi mbaki na nakala.

Msiondoke bila karatasi ya kuruhusiwa yenye aina ya upasuaji na dawa alizopewa, hati ya taarifa ya kuzaliwa ya mtoto, na kadi ya chanjo. Nyuzi zikivimba au homa ikianza nyumbani, kituo cha jirani kitaomba hiyo karatasi kabla ya chochote.