Koti la PVC au linalopitisha jasho?
Ndugu, umeuliza kama ununue koti zito la kuvulia samaki la PVC, yaani plastiki isiyopitisha maji, au lile jepesi linalopitisha jasho. Inategemea unavyovua samaki. Kama unakaa kwenye boti, mawimbi yanakurushia maji na utumbo wa samaki unakuchafua, PVC haina mpinzani: tone halipenyi, na uchafu unauondoa kwa ndoo moja ya maji. Lakini ukipiga makasia au ukitembea kando ya mto huku unarusha ndoano, utalowa jasho ndani yake, na jasho likipoa ndipo baridi inapokuingia. Hapo chukua lile jepesi, lenye kipimo cha kuzuia maji cha milimita 10,000 au zaidi, yaani kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa kinaihimili kabla ya kuvuja.

Ila usiangalie kitambaa peke yake. Ligeuze koti uone mishono ya ndani: yote iwe imezibwa kwa utepe, maana maji hupita kwenye matundu ya sindano. Halafu mikono. Mvuvi huinua mikono kila mara na maji huteremka hadi kwapani, kwa hiyo tafuta koti lenye mkanda wa ndani unaobana kifundo cha mkono. Suruali yenye mikanda ya mabegani naipenda kuliko ya kiunoni. Ukiinama mgongo haubaki wazi.

Rangi iwe kali, ya chungwa au njano, uonekane haraka ukianguka majini. Na tafadhali, jaketi la kuokolea maisha livaliwe juu ya koti. Lile la kujaa hewa likiwa chini yake linaweza kukubana kifua vibaya. Ukitoka baharini, lisuuze koti kwa maji yasiyo na chumvi, hasa zipu.