Maswali na Majibu: Wanyama Wanaogongwa Relini

Kwa nini dereva wa treni asifunge breki akimwona mnyama?
Nimeshalijibu sana swali hili. Anafunga. Treni ya mizigo iliyoshika mwendo huhitaji kilomita nzima au zaidi kusimama, na usiku taa haimuliki umbali huo. Mwacheni dereva.

Shamba langu la mahindi limepakana na reli. Tembo wanaingia usiku, na mmoja amegongwa. Nifanye nini?
Hukusema mahindi yameishia wapi. Nabashiri yamefika hadi kwenye tuta la reli. Tembo akishtuliwa shambani hukimbilia penye uwazi, na hapo penye uwazi ni reli tu. Acha ukanda mtupu, na mistari ya mwisho panda pilipili, ambayo tembo hali.

Ila lawama si zako peke yako. Treni ya nafaka ikishapita, angalia katikati ya mataruma: utakuta punje zimetapakaa kwenye kokoto, nyingine zimeshaota. Hayo ni mabehewa yanayovuja kwenye milango ya chini. Kule Banff, Kanada, dubu hufuata nafaka ya namna hiyo relini na kugongwa. Kampuni za reli hupenda kuwasema wakulima. Kukarabati milango ya mabehewa, kimya.

Nimekuta swala amegongwa. Naruhusiwa kuchukua nyama?
Hapana! Na usikanyage reli kumvuta. Wapigie simu watu wa reli au wa wanyamapori, mzoga uondolewe upesi na utupwe mbali. Mzoga ukiachwa pale, fisi na tai watakuja kuula, na treni inayofuata itawakuta.

Si wajenge uzio tu, yaishe?
Hayaishi. Mnyama akipenya kwenye tundu, uzio huohuo humzuia kutoka, naye hukimbia mbele ya treni mpaka achoke. Uzio lazima uende na mapito ya wanyama. Reli ya kisasa (SGR) ya Kenya ilijengewa madaraja na mapito ya chini inapokatiza hifadhi ya Tsavo, na tembo wanayatumia. Lakini pito linalotokea kwenye shamba la mtu ni kazi bure. Wanaogawa mashamba kwenye shoroba, yaani njia wanazopita wanyama, nawasema ninyi.

Honi je?
Wanaizoea. Assam, India, wamejaribu vipaza sauti vyenye mlio wa nyuki kufukuza tembo, si wazo baya. Mimi ningeanza na kupunguza mwendo usiku penye ushoroba, jambo ambalo wapanga ratiba hawataki hata kulisikia.