Maswali yenu kuhusu jazz ya New Orleans

Nataka kuanza kusikiliza Dixieland, ile jazz ya zamani ya New Orleans kule Marekani, nianze na wimbo gani?

Anza na Dippermouth Blues ya bendi ya King Oliver, mpiga koneti, ile ya Aprili 1923. Wengi watakwambia anza na Original Dixieland Jass Band, wale wazungu waliotoa rekodi ya kwanza ya jazz mwaka 1917, na ni kweli walitangulia kurekodi, lakini muziki wenyewe ulilelewa na watu weusi wa New Orleans na kwa Oliver ndo unaupata utamu wake. Mara ya kwanza utaona kama fujo, kila mtu anapiga lake, sasa rudia taratibu: koneti, tarumbeta fupi hiyo, imeshika wimbo, klarineti inazungukazunguka huko juu, tromboni inaitikia kwa chini, na hakuna anayemkanyaga mwenzie. Halafu subiri solo ya Oliver, anaziba na kuachia mdomo wa koneti mpaka inalia kama mtu, jamaa mmoja kwenye bendi anashindwa kujizuia anapiga kelele kumhimiza. Koneti ya pili humo ni Louis Armstrong, kijana wa miaka 21.

Mbona rekodi zenyewe zinakwaruza hivyo?

Hapakuwa na maiki. Walipiga mbele ya pembe kubwa, sauti ikiingia inatikisa sindano, sindano inachora kwenye nta. Lil Hardin, mpiga piano wa bendi hiyo ambaye baadaye aliolewa na Armstrong, alisimulia kwamba Armstrong ilibidi asimame mbali na wenzie maana alikuwa anawafunika wote. Vumilia tu, ukizoea huisikii tena hiyo mikwaruzo.

Hii ndo jazz kama ya Morogoro Jazz?

Hapana ndugu yangu. Kwetu jazz lilikuwa jina la bendi ya dansi, ndo tukapata Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na magitaa yao yako karibu zaidi na rumba ya Cuba na Kongo. Ukitafuta huku kwetu kitu chenye asili inayofanana na ya New Orleans mi nakutajia beni ya pwani, Lamu na Mombasa, maana huko nako watu walichukua mambo ya bendi za kijeshi, matarumbeta na kuandamana, wakayafanya ngoma ya mtaani.

Ni kweli bendi za New Orleans zinapiga mazishini?

Kweli kabisa. Kwenda makaburini wanapiga taratibu, mara nyingi Just a Closer Walk with Thee, wakishaagana na marehemu ndo wanachangamka na When the Saints, watu wanafuata nyuma na miamvuli na vitambaa wanacheza.

Nina muda wa wimbo mmoja tu.

West End Blues, Armstrong, Juni 1928. Ameutunga Oliver, mwalimu wake, na mwanafunzi anaufungua peke yake na tarumbeta, bila ngoma bila piano, sekunde kama 12 hivi na tayari ameshasema kila kitu, kisha anaimba bila maneno akijibizana na klarineti, Earl Hines anapita na piano yake laini, na mwisho Armstrong anashika noti moja ya juu anaing'ang'ania mpaka unajikuta na wewe umebana pumzi. Usiiweke huku unaosha vyombo. Kaa chini, ni dakika 3 na kidogo tu.