Rangi ya macho ya mati iliyokolea: utajuaje kama bei yake ni halali?

Napamba maharusi hapa Kampala, na msimu wa kwanjula, sherehe ya utambulisho ya Kiganda kabla ya harusi, ukikaribia swali ni lile lile: kwa nini kijisahani cha rangi ya macho kidogo hivi kiwe ghali hivi? Msimamo wangu haujabadilika. Dada yangu, kama pesa ni ya kubana, bania zile za kumeremeta. Rangi iliyokolea isiyong'aa, yaani mati, ndiyo ya kuitolea pesa.

Sababu imo ndani ya unga wenyewe. Rangi ya kumeremeta imejaa mika, vipande bapa vidogo sana vinavyolala juu ya ngozi na kurudisha mwanga, na mwanga huo unaficha kasoro nyingi. Mati haina kitu cha kuisitiri. Ikiwa ni kahawia nzito, zambarau iliyoiva au nyeusi, kila mahali brashi ilipokosea patasomeka. Ili ikolee sawasawa, mtengenezaji lazima aweke rangi ya kutosha, mara nyingi oksidi za chuma, pamoja na kishikizo kinachoufanya unga ushikamane na kulala kwenye ngozi. Kishikizo kikipungua unga unapukutika. Kikizidi unakuwa mgumu, brashi inateleza tu juu yake. Anayebana gharama huongeza talki na vijazio vingine vyeupe, na hapo ndipo sisi wenye ngozi nyeusi tunapoumia: kahawia inageuka majivu.

Kwa hiyo usipime kwa kidole. Kidole kina joto na mafuta, na rangi yoyote ikipakwa kwa kidole inaonekana imekolea. Wauzaji wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana ukifika dukani mtu anakuwahi mkono. Beba brashi yako. Pima upande wa ndani wa kifundo cha mkono, pale penye mishipa, mahali pakavu pasipo losheni.

Mama wa bi harusi mmoja wa Bombo aliwahi kunishika: "Mwanangu, kidude hiki cha elfu thelathini kina dhahabu ndani?" Nikamwambia, "Hajati, nipe mkono." Nikampaka kahawia mbili sambamba, ya bei na ya rahisi, kila moja kwa mpigo mmoja wa brashi. Zilifanana kabisa. Kisha nikachukua brashi safi nikaanza kuzisukuma ukingoni. Ile ya bei ikafifia taratibu, kutoka nzito kwenda hafifu hadi ikapotelea kwenye ngozi. Ya pili ikatoboka katikati, ikaacha vipara, na ukingo wake ukawa kijivu. Hajati akausogeza mkono dirishani, akatazama, akasema, "Haya, mpake hiyo."

Ukingo ndio wa kuangalia, wala si katikati. Na uangalie kwenye mwanga wa mchana. Toka hadi mlangoni, kwa sababu taa za dukani hudanganya. Ukiona kijivu, iache. Praima, ile krimu ya kutangulia chini ya rangi, haitaitibu.

Vumbi kidogo kuanguka shavuni ni kawaida kwa rangi nzito, hata ya bei kubwa. Ndiyo maana mimi hupaka macho kwanza, fandesheni baadaye. Lakini kama kila ukigusa brashi unga unaruka na kope bado haijakolea, unalipia kinachoishia shavuni.

Halafu kuna jasho. Kwanjula ni hema, mchana, watu wamejaa na gomesi, zile gauni ndefu za heshima, zimefungwa vizuri. Ukipata nafasi, paka sampuli, uende nayo kwenye shughuli zako, kisha uangalie kwenye kunjo la kope jioni. Mwenye kope za mafuta apake kwanza praima au konsila (krimu ya kuficha madoa) nyembamba, maana bila hivyo hata nzuri itajikusanya mstari.

Bei yenyewe isome kwa gramu, ambazo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kopo. Tuseme kimoja ni shilingi 30,000 kwa gramu 1.5: hiyo ni 20,000 kwa gramu. Paleti ya rangi 12 yenye gramu 12 kwa 45,000 inaonekana ya bure, 3,750 tu kwa gramu. Lakini ukitumia rangi tatu pekee, umelipa 15,000 kwa kila gramu unayoitumia. Tofauti inapungua sana. Na kama jina la kampuni ni kubwa huku bei ni ya Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, huenda ni bandia: linganisha namba ya toleo kwenye boksi na iliyo chini ya kopo. Zisipolingana, au uzito haujaandikwa kabisa, rudisha.

Kwa anayejipamba harusini tu, mara chache kwa mwaka, sioni haja ya kununua ya bei. Angalia kile kichoro cha kikopo kilicho wazi: kikiandikwa 24M, ni miezi 24 tangu ulipofungua, na hutaimaliza. Huyo mimi humshauri anunue penseli laini ya wanja wa kahawia nzito, aichore juu ya kope, kisha aisambaze haraka kwa brashi kabla haijakauka. Iwe penseli yenye jina na orodha ya viambato, si wanja wa unga usio na lebo. Baadhi ya wanja wa aina hiyo umekutwa na madini ya risasi.